Uwanja wa Nyumbani, Nyumbani kwa Nani?

Kuna ushauri ambao kila mwanamke anayeanza kucheza gofu Nairobi hupewa, tena kwa upole, na watu wanaomtakia mema. Azoee kwanza uwanja wa nyumbani. Asikimbilie viwanja vya watu. Akishalijua kila shimo la kwao na handikapu yake, yaani mikwaju ya ziada anayoruhusiwa kulingana na uwezo wake, ikashuka hadi ikapendeza kutajwa, hapo ndipo aanze kutembelea vilabu vingine, na hata hapo aende na mwenyeji, mume au kaka au bosi aliye mwanachama, maana uwanja asioujua utamwaibisha na kuwachelewesha walio nyuma yake. Wazee wa vilabu husema hivyo. Makedi, wabeba fimbo wetu, husema hivyo. Viongozi wa wachezaji wanawake nao husema hivyo, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi.

Naupinga ushauri huo kuanzia neno lake la kwanza. Haumfanyi mwanamke awe mchezaji bora, haumlindii heshima, na hauharakishi mchezo wa mtu yeyote. Kazi unayoifanya ni kumweka mwanamke mahali pamoja mpaka achoke aache. Nimewaona walioacha hivyo. Walikuwa na mikono mizuri, wengine kunishinda, wakayazunguka mashimo yaleyale wiki nenda wiki rudi wakingoja kuambiwa kwamba sasa wameiva. Hakuna aliyewaambia.

Tuanze na neno nyumbani lenyewe. Mimi nakaa South B na kufanya kazi katika kiwanda kimoja upande wa Lunga Lunga Road. Ukitoka Enterprise Road ukashika Likoni Road kuja huku kwetu, utaona maghala, karakana za malori, viwanda vya plastiki na vya unga, gereza la mahabusu, na ukuta baada ya ukuta wenye nyaya za miiba juu. Nyuma ya kuta hizo ni Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga. Uwanja wa gofu hakuna. Anayetuambia tuzoee kwanza uwanja wa nyumbani anazungumza kama mtu aliyezaliwa Karen au Muthaiga, ambaye geti la klabu liko mtaa wa pili kutoka kwao na jina la babake liko kwenye orodha ya wanachama. Klabu ya Muthaiga ilianzishwa 1913 na ya Karen 1937. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mwanamke wa Makongeni wakati ramani za vilabu hivyo zinachorwa.

Mfano ulio wazi kuliko mingine yote ni wa reli. Reli ndiyo iliyouzaa mji huu, na reli ndiyo iliyowajengea wafanyakazi wake Waafrika nyumba za Muthurwa na za Makongeni. Mji wa kikoloni ulitaka mikono ya kufanya kazi na haukutaka familia. Makazi ya Waafrika ya miaka ile yalihesabiwa kwa vitanda vya wanaume, na mwanamke aliyekuwamo alihesabiwa kama mtu aliyejipenyeza. Reli hiyohiyo ilikuwa na klabu yake ya gofu, iliyoanzishwa 1922 kule chini ya Upper Hill, na siku hizo haikuwa ya mchukuzi wa Makongeni wala ya mkewe. Leo wengi wa vibarua wanaotembea alfajiri kutoka Kibera kuja viwandani hupita si mbali na nyasi zake. Mwajiri mmoja, mji mmoja, na ramani iliyoamua kabla hatujazaliwa nani atakuwa mwenyeji wa nini.

Kwa hiyo mwanamke wa Industrial Area, eneo hili letu la viwanda, ni mgeni kila uwanja. Ukimwambia aanzie nyumbani, umemwambia asianze. Nalisema hili bila manung'uniko, kwa sababu nimegundua kwamba ugeni, katika mchezo huu, ni hali njema kuliko tunavyoambiwa, na kwamba walioziandika kanuni za gofu walimfikiria mgeni kwa makini kuliko walivyomfikiria mtu mwingine yeyote.

Handikapu ndiyo hati ya kusafiria ya mchezaji gofu. Ingekuwa haina maana kama watu wangecheza uwanja mmoja maisha yao yote, kwa sababu hapo wangelinganisha tu mikwaju yao ya wiki hii na ya wiki iliyopita. Imetungwa ili mtu atoke kwao aende kwa watu, acheze na asiowajua, na mchezo uwe wa haki. Tangu 2020 nchi nyingi, Kenya ikiwamo, zimeingia katika mfumo mmoja wa dunia, na chini ya mfumo huo kila tii, yaani mahali pa kuanzia shimo, ya uwanja uliopimwa hupewa namba mbili. Ya kwanza hukadiria mikwaju atakayoitumia mchezaji hodari asiye na handikapu. Ya pili huitwa slopu, nayo huonyesha uwanja huo unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani kuliko unavyomtesa yule hodari. Slopu huanzia 55 hadi 155, na ile ya wastani iliyowekwa kuwa kipimo ni 113. Namba hizo hupimwa mbali kwa wanawake na mbali kwa wanaume.

Tuseme handikapu yangu ni 28 na leo nimefika uwanja wenye slopu ya 130 kwa wanawake. Nazidisha 28 kwa 130, nagawanya kwa 113, napata 32 na kidogo; narekebisha kwa tofauti iliyopo kati ya ile namba ya kwanza na pa, yaani idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja, basi. Ugumu wa uwanja nisioujua umeshahesabiwa kabla sijavaa viatu. Nimepewa mikwaju minne zaidi, na sikupewa kwa huruma: uwanja umepimwa, na kipimo kimesema kwamba mtu wa uwezo wangu ataihitaji. Sasa anayeniambia nisiende huko mpaka handikapu yangu iwe nzuri ananiambia nini hasa? Kikomo cha juu cha handikapu katika mfumo huo ni 54, kwa wanawake na kwa wanaume sawasawa. Mwenye 54 ni mchezaji kamili mbele ya kanuni. Hakuna ukurasa unaosema abaki kwao.

Watetezi wa ushauri ule wana jibu, na si jibu jepesi. Husema kwamba namba ni namba, lakini mwanamke anayeanza akipata aibu ugenini atavunjika moyo, na heri akue taratibu mahali anapopajua. Nalichukua jibu hili kwa uzito wake kwa sababu wengi wanaolitoa wanatupenda. Ila limekosea kuhusu kile ambacho uwanja hufundisha.

Uwanja mmoja hufundisha uongo mwingi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapaa mbali. Mchezaji aliyezoea hapa anajua kwamba fimbo yake ya chuma namba 7 inafika mahali fulani, na anaamini kwamba umbali huo ni wake. Mpeleke Vipingo, kule Kilifi, karibu na usawa wa bahari, penye hewa nzito na upepo. Mpira uleule, mkono uleule, utaanguka mita kumi au zaidi kabla ya alipouzoea. Mpandishe Limuru, juu ya mita 2,200, utampita. Asiyetoka kwao hajui nguvu ya mkono wake. Anajua tu hewa ya kwao.

Na majani vilevile. Katika viwanja vingi vya nyanda zetu za juu kuna yale majani manene ambayo dunia nzima huyaita kwa jina la Wakikuyu, kwa kuwa asili yake ni milima hii yetu. Huushika mpira ukasimama juu ya feawei, ile njia iliyofyekwa kuelekea shimo, kama umewekewa kijiti, na mchezaji huzoea kuupiga bila hofu. Nje ya feawei majani hayohayo ni adui: huiviringa shingo ya fimbo, uso wa fimbo hugeuka, na mpira huruka kushoto. Mwanamke ambaye mkono wake haukujaliwa nguvu nyingi hujifunza kwa maumivu kwamba humo asitafute umbali. Achukue fimbo fupi, autoe mpira kwanza. Pwani majani ni mengine na ardhi ni nyingine, mpira unaviringika ukishaanguka, na mkwaju wa chini uliodharauliwa Nairobi ndio unaokuokoa na upepo. Hakuna mwalimu awezaye kukupa haya kwa maneno kwenye uwanja mmoja. Huja kwa miguu.

Waliofika mbali katika mchezo huu kutoka kwetu hawakufika kwa kukaa. Rose Naliaka, Mkenya wa kwanza mwanamke kuwa mchezaji wa kulipwa, alianzisha chuo chake ili wasichana wapate fimbo mikononi mapema. Naomi Wafula, aliyelelewa humo kimchezo, naye ameingia katika safu ya wanaolipwa. Kwa jirani zetu wa Tanzania, majina ya Madina Iddi na Angel Eaton yanajulikana hata na wasiowahi kuwaona, na sababu ni kwamba walivuka mipaka kwenda kucheza katika viwanja vya watu.

Nenda sasa Vipingo kwenyewe. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya yalipoanza hapo Desemba 2019, kwenye uwanja wa Baobab, yakiwa sehemu ya ziara ya Ulaya, mshindi alikuwa Esther Henseleit, Mjerumani aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa; ushindi huo ukampandisha pia hadi kileleni mwa orodha ya msimu mzima. Mwaka 2023 akashinda Aditi Ashok wa India. Mwaka 2024 akashinda Shannon Tan wa Singapore, katika shindano lake la kwanza akiwa mwanachama wa ziara hiyo. Mwaka baada ya mwaka, kombe la pwani yetu limechukuliwa na wasichana waliotoka mbali kuja kucheza uwanja wa watu. Najua watajibu kwamba hao ni mabingwa na mimi ni mfanyakazi wa kiwanda. Ndiyo. Lakini ubingwa wao umekuzwa na kitu hicho tunachokatazwa, kufika mahali usipopajua siku ya Jumatatu na kuwa umepasoma kufikia Alhamisi, na kitu hicho hakihitaji kipaji kikubwa kukianza. Kinahitaji ruhusa tu, nasi tumeambiwa tuingoje.

Nije kwenye mwendo, maana hapo ndipo sauti hupandishwa. Mgeni mwanamke, inasemwa, huchelewesha. Kila mtu ana kisa chake cha kundi la kina mama lililowasimamisha kwenye shimo la nne. Sikatai kwamba visa hivyo vipo. Nakataa sababu inayotolewa. Mikwaju mingi haicheleweshi kama unavyochelewesha mkwaju mmoja unaofikiriwa dakika tatu. Anayechelewesha uwanja ni yule anayesimama juu ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, akiuzunguka mpira wake pande zote nne kama anayepima kiwanja cha kununua, na yule anayetafuta mpira uliopotea kwa sababu ni wa bei, na katika hayo mawili nimeona wanaume wenyeji wengi kuliko wanawake wageni. Kanuni zilizorekebishwa 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu, zikaruhusu bendera ibaki shimoni wakati wa kumalizia, zikahimiza kwamba aliye tayari apige bila kungoja zamu. Mwanamke aliyefunzwa vizuri huyajua haya siku ya kwanza. Na katika Stableford, aina ya mchezo inayopendwa sana vilabuni kwetu, ukishafika mahali huwezi tena kupata pointi unauokota mpira wako na kusonga mbele. Mwenye handikapu ya 40 anayeokota kwa wakati huenda haraka kuliko mwenye 12 anayeamini kwamba kila mpira wake unastahili maombolezo.

Kuna jambo lingine kuhusu mwendo ambalo vilabu hulifanya vyenyewe kisha vikamlaumu mgeni. Mgeni mwanamke hupewa kadi ya alama na kuelekezwa tii nyekundu, ndipo hugundua kwamba mashimo mengine hayana hata alama inayoonyesha tii hiyo iko wapi. Jiwe limezama majanini. Anatembea, anatafuta, anarudi, anauliza. Kundi la nyuma linasimama mikono kiunoni. Kesho yake kinasimuliwa kisa cha mwanamke aliyechelewesha watu.

Kuhusu mwenyeji wa kunisindikiza nina la kusema kwa kirefu, kwa sababu liliniuma. Nilifika klabu moja, sitaitaja, nikiwa nimelipia nafasi yangu kwa simu na kadi yangu ya handikapu iko mkononi. Aliyekuwa mapokezi, kijana mwenye adabu, aliniuliza, "Karibu madam. Wewe ni mgeni wa nani?" Nikamwambia nimekuja mwenyewe. Akatazama nyuma yangu kuelekea maegesho, akangoja kidogo, kana kwamba kuna mtu bado anafunga gari. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alikuwa anafanya alichofundishwa: kwamba mwanamke huletwa. Mwanamume mgeni aliyenitangulia hakuulizwa ni wa nani. Aliulizwa anaanza saa ngapi.

Hicho ndicho kinachovunja moyo, na hakina uhusiano na mkwaju mbovu. Mkwaju mbovu nimeuzoea, ni wangu, najua ulikotoka. Mwenyeji wa kiume hawezi kuuponya moyo uliovunjwa na swali lile. Anachofanya ni kulithibitisha. Isitoshe, mwenyeji huyo ana tabia ya kunichezea mchezo wangu. Piga hapa, chukua ile, usiende kule. Mwisho wa siku nimezunguka uwanja mpya bila kuuona.

Wa kunionyesha uwanja yupo tayari, naye ni kedi. Hapa nawakosoa hata makedi wanaoukariri ushauri ule, kwa sababu wao ndio dawa yake. Kedi mzuri wa uwanja huujua kuliko mwanachama wa miaka ishirini: ameutembea kwa mvua na kwa jua, nyuma ya wachezaji wa kila aina. Mgeni anachohitaji ni kumuuliza vizuri. Usimuulize "nipige fimbo gani," maana hajauona mkono wako. Muulize maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha, maana huko ndiko mpira utavutwa juu ya grini. Muulize wapi pabaya kabisa pa kukosea kwenye shimo hili, ili ukikosea ukosee upande mwingine. Kwenye shimo moja la mlimani nilikuwa nimeusoma mteremko kwenda kulia, macho yangu yote yaliniambia kulia. Kedi, mtu mzima aliyeniita mama ingawa pengine tunalingana umri, akasema, "Mama, hapa usiyaamini macho. Bonde liko nyuma yako, mpira unalijua." Nikalenga alipoonyesha, na mpira ukageuka kushoto polepole ukakaribia shimo hadi nikaweza kuumaliza kwa mkono mmoja. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani unapokuwa na mwenyeji anayezungumza juu ya kichwa cha kedi.

Wapo wanaotaja usalama, nami siwezi kuupuuza. Mwanamke peke yake, saa kumi na moja na nusu jioni, shimo la mbali kabisa lenye vichaka, na watu asiowajua: huo ni wasiwasi wa kweli na kila mmoja wetu ameuhesabu kichwani. Lakini angalia dawa inayotolewa. Mwanamume akitembelea mahali pasipo salama, pahali hapo huulizwa maswali. Mwanamke akitembelea, yeye ndiye huambiwa asije. Klabu inayotoza wageni ada ina wajibu wa kuweka walinzi kwenye mashimo ya mpakani na kumwingiza mgeni aliye peke yake katika kundi. Wanawake wawili au watatu tukienda pamoja, sote wageni, jambo hilo hupungua sana, na hatujahitaji mume wa mtu.

Kisha Jumanne. Kwa desturi ya vilabu vyetu vingi, siku ya gofu ya wanawake ni Jumanne. Watu huitaja kama heshima, kwamba tumetengewa siku. Nawaomba wasomaji wafikirie ni mwanamke gani aliyekuwa akifikiriwa desturi hiyo ilipowekwa. Mwanamke asiye na kazi ya kuajiriwa, mwenye dereva, mwenye watu wa kubaki na watoto. Siku ya Jumanne saa tatu asubuhi mimi niko kwenye mstari wa uzalishaji nikipima uzito wa pakiti, na wenzangu elfu nyingi kutoka Dunga Road hadi Mombasa Road wako kwenye mashine zao. Siku yetu ya kupumzika ni Jumamosi mchana na Jumapili, na asubuhi za Jumamosi vilabuni zimejaa mashindano ambayo kwa mazoea ni ya wanaume. Kwa hiyo mwanamke mfanyakazi anayefuata ushauri wote, aingie klabu moja, azoee uwanja wake, acheze siku yake, atakuwa analipa ada ya mwaka mzima kwa ajili ya siku asiyoweza kufika. Mgeni anayelipa kwa kila mzunguko huchagua Jumapili alasiri mahali popote penye nafasi. Ni yupi kati ya hao wawili anayecheza gofu?

Wakongwe hujibu kwamba klabu ni mali ya wanachama, na wanachama hujipangia watakavyo. Jibu hilo lilifikishwa mahakamani na likashindwa. Wanawake watatu wanachama wa Limuru Country Club walipinga uamuzi wa klabu uliowabagua katika masuala ya uongozi, na mwaka 2014 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba klabu ilikiuka haki yao ya usawa chini ya Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, na kwamba klabu ya watu binafsi haiko nje ya Sheria ya Haki. Mwaka huohuo wa 2014, mwezi Septemba, wanaume wa klabu kongwe ya St Andrews kule Scotland walipiga kura hatimaye kuwaruhusu wanawake kujiunga. Augusta ya Marekani ilikuwa imewakubali wa kwanza 2012, na Muirfield, hapohapo Scotland, ilikataa 2016 kabla ya kukubali 2017. Naitaja mifano hiyo kwa sababu moja: wale ambao vilabu vyetu viliiga desturi zao wameshaanza kuziacha, na mahakama zetu hazikuwangoja. Anayetetea Jumanne leo anatetea kitu ambacho hata wenyewe hawakitetei.

Ipo hoja moja dhidi yangu iliyo nzito kuliko zote, nayo haitolewi vilabuni, inatolewa huku kwetu. Wenzangu wa kazini huniuliza kwa nini mtu wa Industrial Area apeleke pesa zake kwenye viwanja ambavyo ada ya mgeni kwa siku moja humaliza kipato cha kibarua cha siku kadhaa. Sina jibu linaloifuta hoja hiyo. Gofu ni ghali. Fimbo ni ghali, mipira ni ghali, kedi anastahili kulipwa vizuri. Ninachoweza kusema ni kwamba ushauri wa uwanja wa nyumbani unaifanya ghali zaidi, kwa kuwa kiingilio cha uanachama ni mlima, na mgeni halipi kiingilio. Pale Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, mtu hulipa na kucheza bila kuwa mwanachama wa chochote. Ananunua siku moja. Fimbo za mtumba zipo, na seti nusu humtosha mtu kwa miaka. Jiji lingekuwa na viwanja vya umma kama miji mingine ya dunia ilivyo navyo, hoja hii ingepungua nusu, na ningefurahi kuandika makala nyingine kuhusu hilo. Ila sikubali ughali utumike kama sababu ya kumtaka mwanamke aingie kwa mlango ulio ghali kuliko mingine yote.

Na wakitaka kweli kutusaidia wageni, kazi ipo, tena ya bei ndogo. Vilabu vingi vimepima tii nyekundu peke yake kwa wanawake. Nikitaka kucheza kutoka tii ya njano kwa kuwa siku hiyo upepo uko nyuma yangu na nguvu ninayo, naambiwa hakuna namba ya mwanamke hapo, alama zangu hazitahesabiwa. Mfumo wa sasa hauzuii tii yoyote kupimwa kwa jinsia zote mbili. Ni kamati tu haijaomba ipimwe. Waombe. Wachapishe namba hizo ukutani mahali pa kuanzia, za wanawake na za wanaume. Waondoe majani juu ya mawe mekundu. Na choo kilicho katikati ya uwanja kifunguliwe. Mahali pamoja nilikuta kufuli, nikaambiwa ufunguo uko ofisini, mashimo tisa nyuma yangu. Kedi alionyesha aibu kwa niaba yao, akatazama chini. Wanaume wa kundi letu walikuwa wamekwisha kujisaidia nyuma ya mti na wananingoja nipige.

Wiki hii mwenzangu mmoja wa idara ya ufungashaji amenijia wakati wa chai. Amekuwa akijifunza kupiga mipira pale Ngong Road, amepata handikapu yake ya kwanza, nayo ni 54. Aliniuliza kama asubiri mpaka ishuke ndipo twende naye mahali. Nimemwambia hapana. Tumechukua nafasi ya Jumapili alasiri kwenye uwanja ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga, majina mawili, na pale palipoulizwa jina la mwanachama mwenyeji tumepaacha wazi.